Kabla Hujalibeba Faili Hili

Mjukuu wangu, mama yako alikuja kwangu juzi akitaka nikukanye. Amesikia umeikataa kazi ya benki pale Nakuru mjini, eti unataka kuungana na wanaotetea ardhi yetu ya msitu wa Mau. Nilimwambia sitakukanya, kwa maana nitakuwa mnafiki. Lakini makofi pia sitakupigia. Kaa hapo nikueleze kazi hii ilivyo, halafu uamue ukiwa umeyajua.

Nitasema polepole. Umri wangu haupendi haraka, na mambo yenyewe hayajawahi kwenda haraka.

Unajua mimi si mwanasheria. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika, wazee wakanifanya karani wao. Barua za kwenda kwa chifu, kwa DC, kwa mbunge, kwa wizara, niliziandika mimi, na mpaka leo ninatunza nakala zake. Majibu yanaingia kwenye bahasha moja, na bahasha yenyewe haijajaa. Kwa hiyo ninayokwambia si ya kusoma vitabuni tu.

La kwanza: kazi hii hukuianzisha wewe. Vijana wengi wanaoingia katika kazi hii hudhani dhuluma ilianza siku walipoifahamu wao, na kwa hiyo itakwisha kabla hawajazeeka. Ukitoka Nakuru kwenda Naivasha, ukapita Elementaita, nchi yote unayoiona huku na huku ya barabara ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka 1904 Waingereza waliandikiana nao mkataba, wakawahamisha, wengine Laikipia, wengine kusini, ili walowezi wapate Bonde la Ufa. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 waliokuwa Laikipia wakaambiwa waondoke huko nako. Legalishu, mmoja wa viongozi wao, akakataa. Wakatafuta mawakili, wakaenda kortini mwaka 1913, na kesi ikatupwa. Majaji walisema mkataba ule ni kama mkataba wa dola mbili, na korti ya kawaida haiwezi kuingilia makubaliano ya dola na dola. Umeona hapo? Siku ya kuhamishwa, Wamaasai walikuwa watu wa kuamrishwa. Siku ya kudai haki, wakageuka kuwa taifa la kigeni. Nimekusimulia haya ya zamani kwa sababu utakutana nayo tena, kwa sura nyingine na kwa Kiingereza laini zaidi.

Sisi Waogiek hatukupata hata mkataba wa kuvunjiwa. Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 hadi 1934, ile iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, iliwatazama watu wa msituni ikapendekeza waingizwe katika maeneo ya makabila makubwa, wamezwe humo. Uhuru ulipokuja, serikali yetu iliirithi ramani ile ile. Msitu ukabaki wa serikali, na sisi tuliozikana humo tukaitwa wavamizi.

Sasa nikupeleke kortini, maana ndiko utakakomaliza ujana wako.

Mwaka 1997 watu wetu wa Mau Mashariki, hizi Nessuit na Mariashoni unazozijua, walifungua kesi Nairobi kupinga serikali kuwagawia wageni ardhi ya msitu. Kesi hiyo inabeba jina la Joseph Letuya na wenzake 21. Hukumu ilitoka Machi 2014. Ni miaka kumi na saba, mjukuu wangu. Mtoto aliyezaliwa kesi ikifunguliwa alikuwa sekondari ikikatwa. Katikati ya kungojea huko, mwaka 2001, serikali ilitangaza katika gazeti rasmi kwamba hekta 35,301 za Mau Mashariki zimetolewa kwenye msitu. Kesi ilikuwa kortini, ardhi ikaendelea kugawanywa nje ya korti. Wakili alieleza, majaji walisikia, na vigingi vya wapima ardhi vikaendelea kugongwa. Mwisho wake tulishinda. Korti ilisema haki zetu zilivunjwa, ikaiagiza Tume ya Taifa ya Ardhi ifungue daftari la Waogiek na kututafutia ardhi katika mwaka mmoja. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi imepita tangu 2014.

Kesi nyingine ilikwenda haraka, na hiyo ndiyo ikatuumiza. Wenzetu wa Tinet walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1999 kupinga kufukuzwa, na Machi 2000 wakashindwa. Majaji walitazama wakaona watu hawa siku hizi wanalima, wana maduka, wana shule, wanajenga nyumba za kudumu. Wakasema, kwa ufupi wangu mimi, kwamba hawa si wawindaji na warina asali tena, basi wanadai msitu wa nini? Ukiishi kama zamani, unaambiwa umebaki nyuma, toka msituni uendelee. Ukiendelea, unaambiwa umepoteza haki ya msitu. Nakuomba uikumbuke hukumu hii siku watu wa kamera watakapokuja kukuomba uvae ngozi na ushike upinde ukitazama mbali. Usivae. Vaa shati lako, simama na simu yako mkononi, useme wewe ni Mogiek. Anayekuhitaji uwe sanamu ya makumbusho ndipo akutetee, ipo siku atakukana kwa sababu ya shati hilo hilo.

Oktoba 2009 ikaja notisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya: siku thelathini muwe mmeondoka Mau. Hapo wenzetu waliacha kuandikia wizara, wakaandikia Afrika. Shirika letu la Ogiek Peoples' Development Program, lile la Daniel Kobei lenye ofisi yake hapo Nakuru, likishirikiana na mashirika mengine, lilifikisha malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul, Gambia, Novemba mwaka ule ule. Tume ikaipeleka kesi kwenye Mahakama ya Afrika iliyo Arusha mwaka 2012. Machi 2013 mahakama ikaamuru kila kitu kisimame kwanza. Novemba 2014 ikasikiliza kesi Addis Ababa. Hukumu ikasomwa Arusha tarehe 26 Mei 2017. Mahakama hiyo haikuwahi kusikiliza kesi ya jamii ya asili kabla ya hiyo.

Mimi sikwenda, magoti yalikataa. Nilikaa na redio. Na nikwambie ukweli, walipotangaza kwamba Kenya imevunja haki zetu za ardhi, za ibada, za utamaduni, za maliasili, za maendeleo, na kwamba tumebaguliwa, nilikaa kimya muda mrefu hata nyanya yako akadhani tumeshindwa.

Isome hukumu hiyo yote, si muhtasari wa magazeti. Ina mambo mawili ambayo unapaswa kuyashika kichwani kama unavyoshika jina lako. Moja, mahakama iliitazama hoja ya serikali kwamba tunaondolewa ili msitu upone, ikasema serikali haikuleta ushahidi kwamba Waogiek ndio walioumaliza Mau. Pili, iliijibu ile hoja ya Tinet ya miaka kumi na saba nyuma: utamaduni kubadilika si utamaduni kufa, na watu hawatakiwi kuganda mahali pamoja ndipo watambuliwe. Kama hutapata muda wa kusoma mengine, hayo mawili yasome kila mwaka.

Sasa ushindi ule uliishia wapi? Serikali iliunda kikosi kazi mwaka ule ule wa 2017. Kikaitisha mikutano, kikapita vijijini, tukakalishwa chini ya mahema, tukahojiwa. Ripoti yake haikuwekwa hadharani. Mahakama ikarudi tena tarehe 23 Juni 2022 kutoa hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa machungu ya moyo. Ikaamuru ardhi yetu ipimwe na itolewe hati ya pamoja ndani ya miaka miwili, na pesa ziwekwe katika mfuko wa maendeleo ya jamii.

Watu walisikia mamilioni wakaanza kuulizana bei za ng'ombe wa maziwa. Mimi nikachukua kalamu. Kesi ilizungumzia jamii ya watu wapatao 20,000. Gawanya. Kila mmoja haifiki shilingi elfu nane, tangu mkoloni hadi leo. Na pesa zenyewe si za mtu mmoja mmoja. Ukiingia kazi hii, jambo la kwanza utakaloulizwa kila baraza ni "zile pesa ziko wapi?" Jibu kwa tarakimu, kila mara, hata ukiulizwa na yule yule aliyeuliza wiki iliyopita. Ukikasirika, utaambiwa umezila.

Wenzetu waliomba pia serikali ituombe radhi hadharani. Mahakama ilikataa, ikasema hukumu yenyewe inatosha. Labda kwa wanasheria inatosha. Wako wazee walioingia kaburini wakiwa wanangojea hilo tu, wala hawakutaka senti.

Hukumu, mjukuu wangu, ni stakabadhi. Inaonyesha kwamba unadai, inaonyesha kiasi, inaonyesha nani anadaiwa. Mzigo wenyewe bado uko ghalani kwa mwenyewe. Novemba 2023, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hukumu ya fidia, watu wetu wa Sasimwani upande wa Narok walitolewa na askari, nyumba zikabomolewa, mamia ya watu wakalala nje kwenye mvua na baridi ya Mau unayoijua. Miaka miwili ya mahakama iliisha 2024, na hati haikuwa imetoka. Stakabadhi tulikuwa nayo mkononi wakati wote huo. Kwa hiyo usimwambie mtu yeyote kijijini kwamba "tumeshashinda." Mwambie tumeshinda nini, na bado nini.

Kama unadhani hii ni bahati mbaya yetu peke yetu, shuka Bogoria ukawaulize Waendorois. Ziwa lile unaloenda kutazama heroe na chemchemi zinazochemka lilikuwa mahali pao pa ibada na pa kulambisha mifugo chumvi. Mwaka 1973 likatangazwa hifadhi ya wanyama, na familia kama 400 zikaambiwa ziondoke. Wanasema waliahidiwa mashamba yenye rutuba, robo ya mapato ya utalii, asilimia 85 ya kazi, majosho ya ng'ombe na mabwawa ya maji safi. Mwaka 1986 familia 170 zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Ndiyo hayo. Wakaja korti yetu hapa Nakuru, na mwaka 2002 kesi yao ikatupwa. Jaji alisema hawezi kushughulikia haki ya mali ya jamii nzima kwa pamoja. Wakaenda Banjul. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukaidhinisha uamuzi wa Tume kwamba warudishiwe ardhi yao na walipwe fidia. Wilson Kipkazi na wenzake wa Baraza la Ustawi wa Waendorois wamekuwa wakiufuatilia uamuzi huo tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Kikosi kazi kiliundwa 2014, kama chetu. Mwaka 2011 ziwa likaingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Elementaita, na wenye ziwa wakalalamika kwamba hawakuulizwa. Nenda kwao kabla hujaenda Geneva. Wametutangulia miaka saba katika njia hii hii. Watakuonyesha mashimo yote.

Nimetaja Geneva, basi niseme na hili lililoniudhi kwa muda mrefu.

Kazi hii ina viti vya ndege. Kila mwaka, Aprili au Mei, kuna kongamano la jamii za asili katika Umoja wa Mataifa kule New York. Kuna Geneva, kuna Banjul, kuna Arusha, kuna hoteli za Naivasha zenye semina za siku tatu na posho. Sisemi usiende. Kama Kobei na wenzake wasingepanda ndege, tusingekuwa na hukumu. Ninachosema ni kwamba nimewaona vijana wazuri wakianza na viatu vyenye matope ya Mariashoni, na baada ya muda mfupi hawajui bei ya gunia la viazi Elburgon. Wanajua kuandika ripoti ya mfadhili, hawajui nani amefiwa. Wakirudi kijijini wanazungumza kwa sentensi za semina, na watu wanawapigia makofi kwa heshima kisha wanaulizana amesema nini. Ukipanda ndege, ukirudi pitia kijijini kabla ya kupitia ofisini. Waeleze ulikokwenda, umesema nini, nani alilipa. Hasa nani alilipa.

Na kuna bahasha. Itakuja, usifikiri haitakuja. Haitasema "hii ni hongo." Itakuja kama kazi kwenye kamati, kama ekari tano zako binafsi mahali pazuri, kama karo ya mtoto katika shule ya maana. Zamani nilimwona mwenzetu mmoja, msemaji hodari kuliko sisi sote, akinyamaza ghafla baada ya kupewa shamba. Hakuna aliyemtukana. Watu waliacha tu kumwita kwenye mikutano, na nadhani hiyo ilimwuma zaidi ya matusi.

Vitisho navyo vipo. Simu ya usiku isiyosema kitu. Kuitwa kituoni kuulizwa maswali ambayo majibu yake wanayo. Hapo usijifanye shujaa. Usitembee peke yako usiku, mwambie mtu uendako, namba ya wakili iwe kichwani pia kwa sababu simu hunyang'anywa. Faili liwe na nakala tatu, mahali patatu, na moja isiwe ndani ya nyumba yako.

Sasa nikwambie lililo gumu zaidi, nalo linatuhusu sisi wenyewe. Si kila kipande cha Mau tulinyang'anywa. Vingine tuliuza. Serikali ilipoanza kugawa mashamba Mau Mashariki, wapo watu wetu waliopata ekari zao, wakauziana na wageni kwa bei ya kutupa, kwa sababu ya pombe, kwa sababu ya karo, kwa sababu ya hospitali, na wengine kwa sababu hawakujua karatasi ina maana gani. Wapo pia waliouza shamba moja kwa watu watatu. Serikali inalijua hili, majirani wanalijua, na siku utakaposimama mbele ya korti wakili wa upande wa pili atalisoma kwa sauti. Usilifiche. Mtetezi anayeficha aibu ya watu wake hukamatwa nayo siku mbaya kuliko zote. Liseme wewe mwanzo, kisha ueleze kwa nini tunataka hati ya pamoja. Hati ya pamoja haiuzwi na mlevi mmoja usiku mmoja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya mkutano wa jamii ndipo ardhi iende kwa mtu mwingine. Mimi nilikaa darasani miaka mingi, najua kupata theluthi mbili ya Waogiek wakubaliane ni kazi kubwa kuliko kukata mtarakwa kwa kisu. Hiyo ndiyo faida yake.

Ujue lakini sheria hiyo peke yake haitutoi. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inasema ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Kifungu cha 62 kinasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma. Mau ni yote mawili. Kila afisa atakayekukataza atakufungulia 62, nawe umfungulie 63. Tembea na Katiba ndogo ile ya mfukoni.

Kuhusu msitu pia usitudanganyie. Utasikia wanasema kila Mogiek ni mlinzi wa miti tangu tumboni mwa mama yake. Ni kweli wazee walijua ukoo gani una mizinga katika bonde gani na hawakukata mti wenye nyuki. Ni kweli pia kwamba miaka hii nimewaona vijana wetu wakichoma makaa. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inatoka huku juu kwenda Ziwa Nakuru. Mara inatoka huku kwenda hadi Serengeti. Mtu wa Nakuru anayefungua mfereji hana deni la kutupenda kwa sababu ya kesi. Atatuunga mkono akiona maji. Kwa hiyo siku ya kupanda miti uwe wa kwanza, na panda ya kienyeji, si saiprasi na paina za kuvunwa. Na wakija watu wa hewa ya ukaa na mikataba yao minene, usitie saini chochote ambacho hakijasomwa kwa sauti barazani kwa lugha ambayo nyanya yako anaielewa.

Kuna neno moja bado, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza na wewe badala ya kukubariki tu kwa maji na nyasi.

Majirani. Unalijua Olenguruone. Mwaka 1941 serikali ya mkoloni iliwapeleka Wakikuyu huko, watu waliokuwa wametolewa mashamba ya wazungu na sehemu nyingine, ikawapa ardhi kwa masharti. Waliona masharti yale ni ya watumwa, wakala kiapo, wakakataa. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, mazao yakaharibiwa, nyumba zikachomwa. Wanahistoria wanasema kiapo cha Olenguruone kilikuwa miongoni mwa mizizi ya Mau Mau. Ardhi ile waliyopewa na kunyang'anywa ilikuwa ya nani kabla yao? Ya Waogiek na Wamaasai. Umeona ilivyopangwa? Aliyefukuzwa anawekwa juu ya aliyefukuzwa, halafu wote wawili wanaachiwa mapanga. Mwaka 1992 Molo na Olenguruone zikawaka. Mwaka 2008 Molo na Kuresoi zikawaka tena. Kila mara wanasiasa walizungumza kwanza kuhusu "ardhi ya mababu," maneno yale yale ambayo wewe unataka kuyasema kila siku. Maneno yetu ya haki ndiyo maneno yao ya kuchoma nyumba.

Kwa hiyo chagua sana unavyosema. Usimwite jirani mgeni hadharani, hata kama karatasi yake ni ya wizi. Dai letu ni juu ya serikali iliyogawa, na hukumu ya Arusha inaishtaki serikali, haimshtaki mama anayelima viazi Mauche. Akitokea mwanasiasa wakati wa kampeni akisema hukumu yetu inampa ruhusa ya kuwatoa watu fulani, simama wewe, mbele ya watu wako, umpinge. Utazomewa. Huenda na mimi wajomba zako waniletee maneno. Kubali. Mtu wetu mmoja akimwaga damu ya jirani kwa jina la kesi hii, miaka yote ile ya Nairobi, Banjul na Arusha itakuwa bure, na sisi tutakuwa tumestahili.

Na wewe ni mwanamke, mjukuu wangu, kwa hiyo hili sitalizunguka. Wazee watakusifu kwa kusoma kwako, kisha daftari la wanajamii litakapoandikwa wataandika majina ya wanaume. Mimi nilikuwa karani, niliandika orodha kadhaa za namna hiyo, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa niandike. Usikubali. Daftari likifunguliwa, jina la mama yako liwemo, la mjane liwemo, la msichana aliyeolewa Kipkelion akarudi liwemo. Hati ya pamoja isiyo na majina yao ni ya nusu ya jamii.

Mshahara wako utakuwa mdogo na utachelewa. Ukiolewa, mwambie huyo mwanamume mapema, kabla ya mahari, kwamba kuna siku za kortini, kuna wiki za Narok, na kwamba huenda kazi hii isiishe nikiwa hai, wala mama yako akiwa hai. Akikubali akijua, ni mume. Pumzika Jumapili. Niliwaona waliofanya kazi hii bila kupumzika. Walikuwa wakali nyumbani na wapole kwenye mikutano, na watoto wao leo hawataki hata kusikia neno Mau.

Kama baada ya haya yote bado unaitaka, basi sawa, nitakupa nakala za barua zangu, na nitazungumza na mama yako. Lakini usianzie kwenye ofisi ya Nakuru. Siku ardhi itakapopimwa kwa amri ya mahakama, wapimaji watauliza jambo moja: mpaka wa ukoo huu uko wapi, unaanzia mto gani, unaishia mwamba gani, mizinga ilitundikwa upande upi. Hayo hayamo katika faili lolote. Yamo katika vichwa vya wazee walio hai Nessuit, Mariashoni na Sasimwani, na wengi wao wananizidi umri. Nenda kwao wiki hii, uwe na daftari na simu yenye chaji, uwatangulize wanawake kwa sababu wao huwa hawaulizwi, uandike kila kijito kwa jina lake.